Nilivyompimia Bibi Choo

Kikohozi cha kwanza nilikisikia GPS ikiandika mita 14.

Nikakipuuza. Kijijini watu wanakohoa, na vumbi la Septemba si mchezo. Nilikuwa nimeinamia kioo, nafuata mshale kama kuku anayefuata punje. Mita 11. Kikohozi cha pili, safari hii kimevutwa kutoka mbali. Mita 8. Nyuma yangu Mzee Cheni akaniita, "Fundi." Sikuitika. Mita 5. Kikohozi cha tatu hakikuwa kikohozi tena, kilikuwa hotuba. Mita 3, na mbele ya pua yangu kulikuwa na gunia lililotundikwa mahali pa mlango. Nyuma ya gunia sauti ya mwanamke mzima ikauliza:

"Mtoto wa nani huyo asiyejua kikohozi?"

Aliyekulia kwenye choo cha shimo anajua kwamba kikohozi ndiyo komeo. Mimi nimekulia kwenye vyoo hivyohivyo. Ila nilikuwa na miezi minne tu tangu nitoke chuo, fundi sanifu upimaji mwenye stashahada mpya kabisa, na stashahada ikiwa mbichi inaziba masikio.

"Shikamoo Bibi," nikaliamkia gunia.

"Marahaba. Unataka nini?"

"Sisi wapimaji, Bibi. Kuna bikoni humu."

Kimya kidogo. Kisha: "Humu nimo mimi."

Niseme tulifikaje hapo. Ofisi iliyonituma sitaitaja, na yenyewe tangu siku ile haipendi kunitaja. Kulikuwa na shamba la zamani la mkonge huko Kilosa, mkoa wa Morogoro, limelala miaka mingi, na mipaka yake ilitakiwa kupimwa upya. Bosi alikuwa aje na mashine kubwa ya miguu mitatu. Mimi nilitangulizwa nitafute bikoni tatu za mpaka wa kaskazini, ili akifika asipoteze siku nzima akifyeka vichaka. Nilipewa nakala ya ramani ya miaka ya sabini, karatasi yenye namba za hizo kona tatu, GPS ya mkononi, jembe, sururu, panga, na Mzee Cheni.

Kwa asiyeijua bikoni: ni kinguzo kifupi cha zege chenye kipande cha nondo katikati, kinafukiwa mpaka kibaki kichwa tu, na juu yake kuna herufi na namba zilizochorwa saruji ikiwa mbichi. Ikikaa miaka arobaini, kichwa nacho kinazama. Kwa hiyo unatembea na namba, unafika mahali, unachimba.

Mzee Cheni hakuwahi kukaa darasa la upimaji hata siku moja. Mambo aliyashika mapema kuliko darasa: alivuta cheni ya kupimia, akavuta utepe wa chuma, akashika fito, akashika prizma, kwa wapimaji ambao wengi wao sasa wamestaafu au wametangulia. Tuliposhuka kwenye bodaboda asubuhi ile, kabla hajafuta vumbi usoni, akanyoosha mdomo kuelekea kusini, kwenye mbuyu mkubwa uliosimama peke yake.

"Bikoni ya kona ile pale, chini ya mbuyu. Nilikuja hapa na mpimaji mmoja, marehemu sasa. Tulikula ubuyu mpaka meno yakafa ganzi."

Nikatazama GPS. Mshale ulikuwa unaonyesha upande wa pili kabisa, kijijini.

"Mzee, mshale unasema kaskazini."

"Mshale nao ulikuwepo siku hiyo?"

Nilicheka kwa adabu, kama unavyomcheka mtu mzima aliyepitwa na wakati. Kisha nikaufuata mshale, ukanipeleka kwa Bibi.

Bibi alitoka na kopo lake mkononi, kanga imefungwa vizuri, akanitazama kuanzia buti mpaka kofia. Nikamweleza. Serikali, ramani, mipaka, kitu kilichofukiwa ardhini. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua neno moja tu.

"Mtachimba?"

"Kidogo tu, hapa pembeni ya choo."

Uso ukafunguka. "Chimbeni, wajukuu zangu. Hiki kimejaa tangu masika."

Nilijaribu kumsahihisha. Hakusahihishika. Kila tulipopumzika alikuwa anachungulia shimo na kutoa maelekezo: upande huu panapinda, ongeza kina, wa jirani ni futi kumi. Mzee Cheni, ambaye ndiye aliyeshika sururu muda mwingi, alikuwa anamwitikia "Sawa, mama," bila kucheka. Tulifika kina cha kiuno. Udongo mwekundu, mizizi, kisoda cha soda. Bikoni hakuna.

Akatuita jikoni kwake tunywe chai na muhogo. Jiko lenyewe ni kibanda cha fito, mafiga matatu katikati, sufuria juu. Nakumbuka sufuria ilikuwa imeinama upande mmoja kama inasikiliza umbea, kwa sababu figa moja lilikuwa refu kuliko wenzake. Nakumbuka hata kufikiria kwamba lile figa limenyooka mno. Halafu muhogo ukaletwa, nikaacha kufikiria.

Kona ya pili ilikuwa kilabuni. Si karibu na kilabu: ndani, chini ya pipa la komoni. Wanywaji waliinua miguu ili nipite, kwa heshima zote, mmoja akashika kofia kifuani kama bendera inapita. Kona ya tatu ilikuwa ofisi ya kijiji. Mshale ulinipitisha mlangoni, ukanizungusha meza, ukanifikisha kwenye kiti cha Mwenyekiti, na Mwenyekiti yumo.

Mtu mwenye akili timamu angesimama hapo. Choo, kilabu, ofisi: huo si mpaka wa shamba, hiyo ni ratiba ya mtu mmoja ya Jumatatu. Lakini GPS ilikuwa imeniandikia pembeni, kwa ujasiri wote, kwamba usahihi wake ni mita 3. Mimi kijana wa watu ni nani nibishane na setilaiti? Nikapata maelezo yaliyonipendeza zaidi: kijiji kimevamia shamba. Watu wamejenga juu ya bikoni. Nimegundua uvamizi, tena peke yangu, mwezi wa nne kazini.

Na ugunduzi ule nikaona haya kuuficha.

"Mwenyekiti," nikasema, "kwa mujibu wa vipimo, kijiji kimeingia ndani ya shamba."

"Kimeingia kiasi gani?"

"Mpaka hapo ulipokaa."

Mwenyekiti alisimama, akakigeukia kiti chake, akakitazama, kisha akakaa tena polepole kama mtu anayejaribu maji ya kuoga.

"Endelea na kazi, fundi," akasema. Sauti ilikuwa ndogo.

Mtandao wa simu kijijini pale ulipatikana juu ya kichuguu kimoja nyuma ya ofisi. Nikapanda, nikampigia Bosi.

"Umezipata?"

"Bosi, zote tatu ziko chini ya majengo. Kijiji kimevamia."

Kimya cha muda mrefu, mpaka nikadhani vocha imeisha.

"Sikiliza. Usimwambie mtu yeyote neno hilo mpaka nifike. Nakuja kesho."

"Sawa, Bosi."

Nikakata simu, nikatazama chini. Mwenyekiti, mtendaji wa kijiji, mgambo wawili na kina mama kama sita wenye ndoo walikuwa wamesimama kuzunguka kichuguu, wananisikiliza.

Kufikia jioni habari ya kufukuzwa ilikuwa imefika kila nyumba. Hiyo ni lawama yangu, naibeba. Ila kilichofuata usiku tulikibeba wawili.

Mzee Cheni alikwenda kilabuni kutuliza mgongo, maana shimo la Bibi lilikuwa la haki. Wakamnunulia kata ya kwanza, wakamuuliza kwa upole: "Baba, hivi mnatafuta nini hasa?" Na Mzee Cheni, mtu asiyesema uwongo hata akinywa, akawajibu ukweli mtupu: tunatafuta kitu chenye chuma ndani, kimezikwa ardhini tangu zamani za wazungu wa mkonge, na kina alama juu yake.

Nimeambiwa kilabu kizima kilinyamaza.

Msomaji wangu kama umezaliwa kwenye nchi hii, sina haja ya kukueleza habari ya mali ya Mjerumani. Kila mkoa una mlima wake, mti wake, daraja lake ambalo chini yake Mjerumani alizika masanduku akikimbia vita. Kwa hiyo mtu mmoja akauliza: mkonge kaleta nani? Mjerumani, mwaka 1893, hilo hata shule ya msingi tulifundishwa. Na reli ya kati inayopita Kilosa kajenga nani? Mjerumani. Sasa mnafikiri aliondoka na kila kitu?

Hapo Mzee Cheni angeweza kuokoa hali. Badala yake akakumbuka kwao. Yeye mwenyeji wa Tabora, na Tabora kuna hadithi ambayo ni ya kweli kabisa: mwaka 1916, vita imewabana, Wajerumani walifua palepale mjini sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Zipo mpaka leo, wakusanya sarafu wanazigombania. Mzee akaisimulia vizuri, na tembo akamwigiza kwa mkono.

Sasa unganisha mwenyewe. Mchana, kijana wa serikali anasema kijiji kihame. Jioni, mwenzake anasema chini ya kijiji kuna kitu cha zamani cha wazungu, na katikati ya maelezo ametaja dhahabu. Hata mimi ningechukua jembe.

Tulilazwa ofisi ya kijiji, kwenye mikeka. Usiku wa manane nikasikia ti, ti, ti, majembe, mbali na karibu.

"Wakulima wa huku wana bidii," nikasema. "Wanawahi mvua."

"Saa nane za usiku?" Mzee Cheni akauliza, akajifunika shuka mpaka kichwani.

Kulipokucha, nje palionekana kama panya buku wa dunia nzima walikuwa na mkutano mkuu. Mashimo kando ya kilabu, mashimo nyuma ya ofisi, mashimo kuzunguka kichuguu changu cha simu. Shimo la Bibi lilikuwa limeongezwa kina mara mbili, na Bibi alikuwa amesimama juu yake anawasifu vijana. Aliyeumia zaidi ni jamaa mmoja aliyekuwa amekwenda msibani. Kiwanja chake kilikuwa wazi, hakina mtu, kiko katikati ya kilabu na ofisi. Alirudi na basi la asubuhi, begi begani, akasimama mwanzo wa kiwanja. Nilihesabu mashimo thelathini na moja kabla hajanigundua.

"Nani kafanya hivi?"

Kijiji kizima, wakiwemo wenye udongo mpaka masikioni, kikanionyesha mimi.

Tukakalishwa chini ya mwembe. Sitasema tulikamatwa, mgambo walikaa tu karibu yetu sana. Mkutano ukaitishwa. Wazee walitaka kujua kuhusu kuhamishwa, vijana walitaka kujua kuhusu tembo. Nilieleza bikoni kwa dakika kumi nzima, kwa Kiswahili fasaha, na nilipomaliza kijana mmoja mwenye sururu akasema, "Tumekuelewa, fundi. Sasa washa mtambo."

Nikawasha, maana nilifikiri wakiona hakuna kitu watatulia. Yule kijana akaja akasimama begani kwangu. Kwenye kioo kulikuwa na namba za mahali, na chini yake mstari mmoja umeandikwa mita 487.

"Hii mita mia nne themanini na saba ni ya nini?"

"Hiyo ni kwenda juu," nikasema. "Ni kutoka usawa wa bahari mpaka hapa tulip..."

Hakusubiri bahari. Akawageukia wenzake: "Ipo mita mia nne themanini na saba!"

Guno lililopita chini ya mwembe ule sijawahi kulisikia tena. Wanaume waliokuwa wamechimba usiku kucha wakatazama viganja vyao. Mmoja akaweka jembe chini, akalikalia mpini. Mzee mmoja mwenye mkongojo akatikisa kichwa kwa heshima kubwa, akasema, "Mjerumani hakuwa mvivu."

Bosi alifika saa tano. Alishuka kwenye gari, akaruka shimo, akaruka jingine, akamsalimia Mwenyekiti, akawasalimia wazee mmoja mmoja, shikamoo zote zikaisha, ndipo akaja kwangu. Hakuniuliza chochote. Akanyoosha mkono, nikampa GPS.

Sasa lazima nikiri jambo. Usiku wa kuamkia safari tulilala gesti mjini Kilosa. Dada wa mapokezi alikiona kile kifaa akauliza kama kinapiga muziki. Nikataka kumwonyesha mambo. Nikabonyeza hapa, nikabonyeza pale, kikaanza kulia pii pii, nikashindwa kukinyamazisha, nikaingia kwenye mipangilio nikakubali kila kilichoulizwa, na kimojawapo kiliuliza kama nataka kurudisha kila kitu kilivyotoka kiwandani. Nikakubali. Kikanyamaza. Baadaye chumbani nikaona namba zimegeuka nyuzi na dakika, nikajua la kufanya: nikarudisha UTM, yaani namba za mita kama za kwenye karatasi yetu, kanda ya 37, nikajisifu, nikalala. Mstari uliofuata chini yake ulikuwa unasema kitu kingine. Sikushuka.

Bosi alishuka.

"Hapa pameandikwa nini?" akaniuliza.

"WGS 84."

"Na ramani yetu?"

Nilihisi damu inaniacha kuanzia masikioni. "Arc 1960, Bosi."

Hili nilikuwa nalijua. Nililifanyia mtihani, nikapata alama nzuri. Dunia si mviringo kamili, ni kama chungwa lililokaliwa. Ukitaka kuipa kila sehemu namba, lazima kwanza mkubaliane umbo lake likoje na kitovu chake kiko wapi, na makubaliano hayo ndiyo datamu. Ramani zetu za zamani, sisi na Kenya na Uganda, zimekaa kwenye Arc 1960, inayotumia umbo alilolikokotoa Mwingereza Clarke mwaka 1880. Setilaiti za Wamarekani zina makubaliano yao, ndiyo hiyo WGS 84. Vitovu vya dunia hizo mbili vimepishana mita 300 na ushei. Ni kama mafundi cherehani wawili wamempima mtu mmoja kiuno, mmoja akaanzia kitovuni, mwingine ubavuni. Ukichukua namba za Arc 1960 ukaipa GPS inayofikiri kwa WGS 84, huku kwetu itakupeleka kaskazini kama mita 300, na magharibi kidogo. Itakupeleka kwa uhakika wa mita 3.

Bosi akabadilisha ule mstari. Nikamwambia sasa twende. Akanitazama kama Bibi alivyonitazama buti mpaka kofia.

"Twende wapi? Soma namba za kona ya kwanza."

Nikasoma. Hazikuwa zile nilizoingiza. Kifaa kilikuwa kimehifadhi choo cha Bibi kwa uaminifu, na sasa kilikuwa kinakitaja kwa namba za Arc 1960. Choo kilikuwa bado ni choo. Ilibidi nifute zote tatu, niingize upya kutoka kwenye karatasi, mkono unatetemeka, kijiji kizima kinanihesabia tarakimu.

Nikabonyeza. Mshale ukageuka kusini.

Tukaondoka: Bosi, mimi, Mwenyekiti, mtendaji, mgambo, wazee, vijana na sururu zao maana tumaini halifi upesi, na yule wa kiwanja cha mashimo aliyenifuata kwa nyuma hatua mbili tu. Tulivuka shamba la mtu, tukavuka korongo, mshale umenyooka, na mbele yetu mbuyu ukazidi kunenepa. Mita 20. Mita 12. Mita 6. Chini ya mbuyu alikuwa amekaa mtu, ameegemea shina, anamung'unya ubuyu. Katika vurugu zile sikuwa nimegundua kwamba Mzee Cheni ameondoka.

"Karibuni," akasema.

Lakini bikoni haikuwepo. Palikuwa na kishimo cha mviringo ardhini, kingo zake zimelainishwa na mvua za miaka, na majani makavu ndani. Mzee Cheni akaingiza mkono akakipapasa. "Ilikuwa hapa. Mtu kaing'oa."

Bosi akauliza kama kuna aliyewahi kuona jiwe la zege, refu kiasi hiki, lina namba. Watu wazima wakatazamana na kutazama mbali, kama watu wazima wanavyofanya serikali ikiuliza. Akajibu mtoto wa miaka saba hivi, aliyekuwa anavuta kamasi:

"Jiwe lenye chuma kichwani? Si lipo kwa Bibi."

Tukageuza msafara. Mita 300 kurudi kaskazini, magharibi kidogo.

Bibi alikuwa jikoni anasonga ugali. Bosi aliomba hodi, akainama, akalamba kidole, akafuta masizi kwenye figa lile refu, lile lililoinamisha sufuria. Herufi zikatoka moja moja. Ilikuwa ndiyo yenyewe, kona ya kwanza. Maji ya mvua yaliifukua, mwanawe akaikuta imelala, akamletea mama yake. Kwa hiyo jana yake nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwenye bikoni niliyotumwa kuitafuta, nanywa chai iliyochemkia juu yake. GPS yangu, kwa kukosea mita 300, ilinifikisha nyumba ilimohamia. Niliwahi kumwambia Bosi, miaka mingi baadaye, kwamba kwa mtazamo fulani mimi ndiye niliyeipata. Hakuuona mtazamo huo.

"Mama," Bosi akaanza kwa sauti ya ofisi, "kung'oa alama ya mpaka ni kosa. Sheria ya Upimaji wa Ardhi, Sura ya 324..."

"Sura?" Bibi hakuacha mwiko. "Sura yako naiona moja tu, na ina njaa. Kaa hapo."

Bosi akakaa.

Bikoni nyingine mbili zilikuwepo mahali pake, mita 300 kusini mwa komoni na mita 300 kusini mwa kiti cha Mwenyekiti, vichwa vimekwaruzwa na majembe lakini namba zinasomeka. Kwa hizo mbili na vipimo vya ramani ya zamani, mashine kubwa iliturudishia mahali pa ile ya kwanza chini ya mbuyu siku mbili zilizofuata. Kijiji hakikuwa kimevamia hata hatua moja. Mwenyekiti alinishika mkono kuniaga na kuushikilia ule mkono kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa. Yule wa kiwanja alipita akaniambia bila kunitazama kwamba shimo moja kati ya yale thelathini na moja lina mwamba, lakini thelathini yanatosha migomba, na kwamba miche nitaleta mimi. Niliipeleka. Nauli ilikuwa yangu pia.

Ilibaki figa. Bosi alitaka lile la zamani lirudi ofisini kama kumbukumbu. Bibi aliuliza chungu chake kitakaa juu ya nini, juu ya Sura? Mazungumzo yalichukua sahani mbili za ugali. Mwisho tukakubaliana: tunamimina bikoni mpya ya mbuyu, na kwa saruji iliyobaki tunammiminia Bibi figa jipya, kalibu ileile, ila fupi, ili sufuria ikae sawa.

Tukamimina jioni. Bibi akaja na kopo lake, akitokea choo kipya ambacho bado hakikuwa na kuta, akatazama bikoni ya mbuyu ikiandikwa namba kwa msumari, akatazama figa lake likiwa tupu.

"Na langu?"

"Lako halihitaji namba, mama," Bosi akasema.

"Lile lilikuwa nayo."

Bosi akamtazama Mzee Cheni. Mzee Cheni akapiga magoti, akafuta msumari kwenye suruali, akauliza mengine mawili yapo jikoni, akajibiwa yapo, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa miaka thelathini ya kazi: FIGA 3.